Nyumba Saba Zilizorukwa

Katibu wa skimu ya umwagiliaji niliyoifanyia kazi kule Rujewa alikuwa na namna yake ya kuandika nyumba za watu. Katika kaunta buku lake, jina la mkuu wa nyumba lilikaa juu, limepigiwa mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Chini yake, yakiwa yamesogezwa ndani kidogo, yaliandikwa majina ya wale ambao wangekwenda kufungua maji siku ya zamu: mtoto, mke, shemeji, kibarua. Nyumba kadhaa zilikusanywa chini ya kikundi, vikundi chini ya mfereji, na mifereji yote chini ya mfereji mkuu, ambao katibu aliupa ukurasa wa kwanza peke yake kwa heshima.

Nilipewa kazi ya kuligeuza kaunta buku hilo kuwa orodha moja iliyonyooka, juu mpaka chini, mtu mmoja mstari mmoja. Orodha hiyo ingebandikwa ukutani ofisini, na kompyuta ingeitumia kumtumia kila mfungua maji ujumbe wa simu siku moja kabla ya zamu yake. Ni kazi isiyo na sifa yoyote mbele ya watu. Unachukua vitu vilivyowekwa ndani ya vitu, kama sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa, unavitoa kimoja kimoja na kuvipanga mezani kwa mstari. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini tangu nimalize chuo kikuu, na sijawahi kuweza kumweleza mtu yeyote kwa nini huwa naipenda.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na sita, nikiishi Kihesa, mjini Iringa, katika nyumba ya vyumba viwili niliyoipanga baada ya ndoa yangu kuvunjika. Aliyekuwa mke wangu na binti yetu walibaki Mbeya. Binti alinipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, na mwaka ule nilianza kuona kwamba mazungumzo yetu yalikuwa yakifupika. Wakati mwingine niliweza kukaa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi bila kutamka neno, isipokuwa salamu kwa mwuza maziwa. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu kosa nililolifanya lilitoka humo humo.

Jambo lililonisumbua tangu mwanzo lilikuwa kina. Nyumba nyingi katika kaunta buku zilikuwa na ngazi moja tu: mkuu juu, watu wake chini. Lakini ziko familia za wakulima na wafugaji zilizohamia bonde la Usangu kutoka kaskazini, na boma moja la familia hizo laweza kuwa na mzee mmoja, wake watatu, kila mke na nyumba yake na majaruba yake ya mpunga, na ndani ya nyumba ya mke mkubwa yumo mtoto aliyeoa ambaye naye ana nyumba. Katibu alikuwa ameyachora maboma hayo kwa mishale, mpaka ukurasa mmoja ukafanana na mizizi. Programu inayofungua tabaka moja tu ingeyaacha matabaka mengine yamefungwa, na watu wangebaki humo ndani.

Kwa hiyo niliandika programu inayojiita yenyewe, yaani inayojirudia kila inapokuta tabaka jipya. Maelekezo yake, nikiyaweka kwa lugha ya kawaida, yalikuwa haya: ukikuta orodha, ingia, ukikuta mtu, mwandike pamoja na jina la mkuu wa nyumba yake, kikundi chake na mfereji wake, kisha endelea. Haikujali boma lina matabaka mawili au matano. Ilishuka mpaka ilipomkuta mtu. Ilikuwa mistari michache tu ya msimbo, na niliisoma mara nyingi kwa furaha ya mtu ambaye hana wa kumsomea.

Kabla ya kuitumia kwa watu wa Rujewa niliijaribu kwa nyumba ninayoijua. Niliandika nyumba yetu ya Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, nilikokulia. Nilimweka baba juu. Chini yake nilimweka mama na sisi watoto sita, na katika orodha ndogo ya ndani nikamweka mke wa kaka yangu mkubwa, aliyejenga chumba uani akaoa. Nilipobonyeza, watu wanane walishuka kwenye skrini mmoja mmoja, kila mmoja na jina la baba pembeni yake. Nilikaa nikiwatazama kwa muda ambao kazi haikuuhitaji. Wanne kati yao wamekwisha kufariki. Chai ilipoa. Nikaridhika kwamba programu ilikuwa sahihi, nikaifunga kompyuta.

Lipo jambo jingine ambalo lazima nilikiri. Miaka ya nyuma orodha za zamu zilikuwa zikiongezwa majina kwa kalamu, na kila jina la kalamu lilizaa ugomvi kwenye mfereji. Nilipoalikwa Rujewa kwenye kikao cha kamati, mimi ndiye niliyesimama na kupendekeza kwamba tangu msimu ule jina lisiongezwe tena kwa mkono. Orodha itoke kwenye kompyuta, mwenyekiti aipige muhuri, na mgawa maji amfungulie yule tu aliyemo. Watu walipiga makofi. Katibu alinisindikiza mpaka njia panda akinitania kwamba mtu wa viazi kutoka Uyole amekuja kuwafundisha Wasangu mpunga.

Maji ya kupandikiza mpunga yaliachiwa kwa wote kwa pamoja, kisha zamu zikaanza, kila nyumba mara moja kwa siku nane. Mvua ilikuwa imekata. Siku ya tisa katibu alinipigia simu.

“Mtaalamu, kamwene! Baridi ya Iringa haijakumaliza?”

“Kamwene, katibu. Bado niko hai.”

“Afadhali wewe. Hapa nina mama mmoja, kompyuta yako imemzika. Mimi namwona, kavaa kitenge cha njano, ananiangalia kwa hasira. Lakini karatasi inasema hayupo. Nimwamini nani?”

Nilimwuliza kama alikuwa na hakika kwamba jina la mama huyo limo katika kaunta buku. Kabla hajajibu nilisikia simu ikichukuliwa mkononi mwake.

“Wewe ndiye kompyuta?” sauti ya mwanamke mzee iliuliza.

“Hapana, mama. Mimi ndiye niliyeandika programu.”

“Basi ni wewe. Husalimii?”

“Shikamoo, mama. Samahani.”

“Marahaba. Sasa sikiliza, mwanangu. Nimepandikiza majaruba manne kwa mgongo wangu huu. Juzi ilikuwa zamu ya kikundi chetu. Wenzangu wote wamepata maji, mimi nimesimama na jembe langu kama mgeni. Mgawa maji ni kijana niliyemkanda mgongo akiwa mchanga, ananiambia, bibi, karatasi haina jina lako. Ardhi imeanza kupasuka. Zamu ijayo ikinipita, sina mpunga. Sina kingine. Umenielewa?”

Nilimwambia nimemwelewa na kwamba ningelishughulikia. Nilisema kwa sauti ya ofisini, ile ambayo mtu huitumia anapotaka simu ikatwe. Katibu aliporudi nilimwomba achunguze vizuri alivyonakili kaunta buku katika faili alilonitumia, kwa maana programu, nilimwambia, huandika kila inachopewa.

Siku tatu zilipita. Katika siku hizo sikufanya lolote la maana. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba katibu alimsahau, na nikangoja aniombe radhi. Hakuomba. Siku ya nne alinitumia picha ya ukurasa, bila neno. Jina la mama lilikuwa pale juu, limepigiwa mstari mwekundu kama wengine. Chini yake hapakuwa na kitu. Kisha ulikuja ujumbe: “Anaishi peke yake. Anafungua maji mwenyewe. Nani aandike jina la mtu mara mbili?”

Nililifungua faili langu. Nyumba yake ilikuwamo. Nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza: jina la mkuu, na ndani yake orodha tupu. Nikaifuata programu yangu hatua kwa hatua kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Ilifika mlangoni pake. Ilikuta orodha, ikaingia, kama nilivyoiagiza. Haikumkuta mtu, kwa hiyo haikuandika chochote. Ikatoka, ikaenda kwa jirani. Haikulalamika, haikutoa onyo, haikusimama hata kidogo. Kwa maelekezo yangu, nyumba ilionekana kwa watu waliokuwa chini ya mkuu wake, na mkuu asiye na mtu chini yake hakuwa na mahali pa kutokea. Nilikuwa nimehangaika juma zima na maboma yenye matabaka, nikihofu kwamba mtu angefichika ndani sana. Sikufikiri juu ya nyumba ambayo ukiingia ndani humkuti mtu mwingine.

Nilizitafuta nyumba zote za namna hiyo. Zilikuwa saba. Nilipomwuliza katibu kwa simu, alizijua zote kwa majina: wajane watano, mzee mmoja ambaye wanawe wamekwenda kufanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, na mwanamume mmoja ambaye, alisema, hakuna ajuaye kwa nini yuko peke yake.

“Mbona wengine sita hawakulalamika?” nilimwuliza.

“Wameomba kwa majirani. Wanachepusha kidogo kidogo. Huyu mama amekataa. Anasema, maji yangu siyaombi.”

Marekebisho yalichukua dakika chache. Niliongeza agizo moja: ukiingia katika orodha na kuikuta tupu, mwandike mkuu wa nyumba, na mahali pa mfungua maji acha wazi. Ningeweza kulituma faili jipya kwa barua pepe na jambo likaisha. Zamu ya kikundi chake ilikuwa keshokutwa. Lakini nilikuwa nimemlaumu mtu kwa kosa langu na kumwacha mwingine siku tatu juani, na sikuona kwamba barua pepe ingetosha. Kesho yake asubuhi nilipanda basi la Mbeya. Baada ya Makambako ukungu uliachwa nyuma na joto la tambarare likaanza kuingia madirishani, na alasiri nikawa nimeketi kwenye benchi la ofisi ya skimu, mkononi nikiwa na orodha mpya niliyoichapisha Iringa.

Katibu aliisoma yote kabla ya kuipeleka kwa mwenyekiti. Hakunionyesha kinyongo, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi.

“Si ulituambia uliijaribu?” aliniuliza.

“Niliijaribu.”

“Kwa nyumba gani?”

“Kwa nyumbani kwetu Uyole, tulipokuwa watoto.”

“Mlikuwa wengi?”

“Baba, na watu wanane chini yake.”

Alicheka kidogo, akatikisa kichwa. “Basi uliijaribu kwa sikukuu,” alisema, akaipeleka karatasi kwa mwenyekiti ipigwe muhuri.

Nililala katika nyumba ya wageni karibu na mashine za kukoboa, na alfajiri nilikwenda na katibu mpaka kwenye mfereji. Mama alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake, amevaa kile kitenge cha njano juu ya suruali ya kiume iliyokunjwa magotini, jembe begani. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akanitazama viatu.

“Huyu ndiye?” alimwuliza katibu.

“Ndiye.”

“Nilidhani ni kijana. Kumbe mtu mzima kabisa.”

Alitaka kuliona jina lake kwa macho yake kabla maji hayajafunguliwa. Katibu alimshikia karatasi, naye akaupitisha ukucha juu ya mstari wake, polepole, mpaka ukafika mahali nilipopaacha wazi.

“Hapa mbona hapana kitu?”

“Ni mahali pa mfungua maji, mama,” nilimweleza. “Kwa kuwa hakuna aliyeandikwa—”

“Na mimi nani?”

Nilikuwa nimeiona nafasi hiyo kuwa suluhisho safi. Hata nilipokuwa ndani ya basi nilijipongeza kwa kuipata.

“Anayefungua ni mimi,” alisema. “Ujumbe utamfikia nani kama hapa ni wazi? Niandike hapa. Na hapa.”

Alikuwa na haki, na si kwa hisia tu. Mahali palipoachwa wazi hapana namba ya simu, kwa hiyo kompyuta isingekuwa na pa kutuma. Nilikuwa nimerekebisha nusu ya kosa na kuiita kazi iliyokamilika. Katibu alinitazama, akaitazama karatasi yenye muhuri ambayo, kwa pendekezo langu mwenyewe, haikuruhusiwa kuguswa na kalamu. Nilimwambia kwamba ningeipanga upya na kuituma kabla ya zamu ijayo, wote saba, kila mmoja jina lake mara mbili na namba yake ya simu. Mama alisema sawa. Kwa siku hiyo jina moja lilimtosha mgawa maji, ambaye alikwisha kuinama kwenye lango.

Nilijitolea kumsaidia kuchimbua mdomo wa jaruba. “Kaa hapo,” aliniambia. “Utaharibu viatu, halafu utasema ni mimi.” Kwa hiyo nilisimama kwenye tuta nikatazama. Maji yalikuja ya udongo, yakisukuma vijiti na povu mbele yake, yakaingia katika jaruba la juu na kutoweka katika nyufa kwa muda mrefu kabla ya kuanza kutulia. Miche ya jaruba hilo ilikuwa ya manjano mpaka shinani. Alishika mmoja, ukang'oka bila kubisha. Akautazama, akautupa juu ya tuta karibu na miguu yangu.

“Hili limekwisha,” alisema. “La pili nusu. Mawili ya chini yatapona, yako bondeni.”

“Nisamehe, mama.”

Alikuwa akiupiga udongo kwa kisigino ili maji yasivuje.

“Jirani yangu ana miche iliyobaki kitaluni,” alisema baadaye. “Nitapachika penye mapengo. Miche nitaomba. Maji ndiyo siombi.” Kisha, bila kunitazama: “Wewe nyumbani kwako mko wangapi sasa?”

“Niko peke yangu.”

Alinyanyuka, mikono kiunoni, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu, na si mtaalamu.

“Basi na wewe usingepata maji,” alisema. Akarudi kwenye kazi yake.

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Hakuyasema kwa ukali, wala kwa huruma. Ilikuwa taarifa tu kuhusu programu yangu, na ilikuwa sahihi. Kama siku ile pale Kihesa ningeiandika nyumba niliyokuwa nimeketi ndani yake, badala ya ile ya Uyole iliyokwisha kutawanyika, kosa lingejitokeza mara moja: ningebonyeza, na skrini ingebaki tupu. Naweza kudai kwamba halikunijia akilini. Ukweli ni kwamba lilinijia. Nakumbuka kidole changu kilivyosita juu ya herufi za jina langu. Niliona kwamba ungekuwa mfano mbaya, mfano usio na kitu ndani yake, nikaanza kuandika jina la baba.

Niliporudi Iringa nilimaliza marekebisho kama alivyoyataka. Kisha nikaiongeza nyumba yangu katika majaribio ya programu. Niliandika jina langu juu. Nilisita kidogo kuhusu binti yangu, nikaona kwamba si haki kumwandika mahali asipoishi ili tu mstari wangu upendeze. Chini nikaacha tupu, kama palivyo. Nilibonyeza, na mstari mmoja ukatokea, jina langu mara mbili. Nyumba hiyo ndiyo ya kwanza kupitishwa katika programu kila msimu kabla nyumba yoyote ya Rujewa haijaguswa. Jumapili iliyofuata nilimsimulia binti yangu kisa chote, naye akauliza maswali kuhusu mama yule, na tulizungumza mpaka salio lake likaisha. Jumapili baada ya hiyo hakupiga. Nilipiga mimi.

Siku moja kabla ya zamu nyingine ya kikundi kile, kompyuta ilituma ujumbe kwa wafungua maji wote: kesho ni zamu yako ya maji, fika langoni mapema. Huo ni ujumbe ambao watu hawaujibu, na programu haikuundwa kupokea majibu. Yakija, huishia katika faili ambalo hakuna anayelisoma. Nilikuwa nikilisafisha faili hilo mchana ule nilipokuta jibu moja tu, kutoka katika namba ya mama yule, niliyokuwa nimeiingiza kwa mkono wangu mwenyewe.

“Nimepata. Nipo.”

Sikulifuta.